Kobaltasi na kobaltiki: mwongozo kamili wa kusoma na kutumia majina ya kampaundi za kobalti

Kwenye kabati la maabara ya shule niliyofundisha hapa Lamu palikuwa na chupa mbili zilizokaa rafu moja kwa miaka. Moja iliandikwa "kobaltasi kloridi", kibandiko chake kimeliwa na chumvi ya pwani. Ya pili, mpya, iliandikwa "kobalti(II) kloridi". Hiyo ya pili iliagizwa kutoka Mombasa, ikasafiri kwa basi hadi Mokowe, ikavushwa kwa mashua, ikabebwa hadi shuleni, kwa sababu aliyeagiza aliamini ya kwanza ni kemikali nyingine. Nilipozifungua, ndani ya zote mbili mlikuwa na fuwele zilezile za rangi ya waridi iliyokolea.

Fedha ya shule iliteketea kwa ajili ya kiambishi tamati. Tangu siku hiyo kila darasa langu limeanza kobalti kwa majina kabla ya kushika chupa, na ndivyo nitakavyofanya hapa. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa mwalimu mwenzangu, na kwa yeyote aliyekutana na neno kobaltasi au kobaltiki kwenye kibandiko, kitabu cha zamani au mtihani akakwama.

Hatua ya kwanza: elewa kiambishi kinasema nini, na hakisemi nini

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati katika jambo hili. Tunajua toka utotoni kwamba mwisho wa neno unabeba kazi: pika, pikia, pikwa, pikisha. Basi chukua shina "kobalti" na uliwekee mwisho. Kobaltasi ni kobalti iliyo kwenye daraja la chini la chaji, na kobaltiki ni kobalti iliyo kwenye daraja la juu. Kwa kobalti, daraja la chini ni 2 na la juu ni 3. Kwa hiyo ioni, yaani atomi yenye chaji, ya kobaltasi ni Co²⁺ na ioni ya kobaltiki ni Co³⁺.

Hapo ndipo wengi wanapojifunga. Wanakariri kwamba "-asi ni mbili, -iki ni tatu", kisha wanaingia kwenye shaba na kuanguka. Kuprasi ni 1 na kupriki ni 2. Kwenye bati, stanasi ni 2 na staniki ni 4. Kwenye chuma, ferasi ni 2 na feriki ni 3, sawa na kobalti. Kiambishi chenyewe hakina namba ndani yake. Kinasema tu "chini" au "juu", kama mtu anayekwambia anakaa orofa ya chini au ya juu; nyumba ina orofa ngapi, hilo lazima ulijue mwenyewe. Ndiyo maana wanakemia walikuja kukichoka.

Viambishi hivi vilianza na asidi, katika utaratibu wa majina uliochapishwa Paris mwaka 1787 na wanakemia Wafaransa Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy. Baadaye vikahamia kwenye chumvi za metali. Wakati ule nia ilikuwa njema sana: kuachana na majina ya siri ya wachanganya dawa na kufanya jina lieleze kilichomo ndani ya kitu.

Hatua ya pili: geuza kiambishi kuwa namba ya Kirumi

Mwaka 1919 mwanakemia Mjerumani Alfred Stock alipendekeza tuiandike chaji yenyewe, kwa namba ya Kirumi ndani ya mabano, baada ya jina la metali. Kobaltasi ikawa kobalti(II). Kobaltiki ikawa kobalti(III). Huo ndio utaratibu wa vitabu vya shule leo, na ndio unaopaswa kuuandika kwenye karatasi ya mtihani. Kobaltasi na kobaltiki uyasome na kuyaelewa, lakini usiyaandike upya isipokuwa unanukuu kibandiko.

Sasa kuna mtego ambao nimeuona kwa wanafunzi wanaofikiri kwa Kiswahili, na vitabu havitautaja kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Ukisoma kobalti(II) kwa sauti, unasema "kobalti mbili". Kwa sikio letu, "kobalti mbili" ni kama "sahani mbili", yaani atomi mbili za kobalti. Nimesahihisha karatasi nyingi zenye Co₂Cl kwa sababu hiyo tu. Mwanafunzi hakuwa mvivu. Alitafsiri kwa uaminifu alichosikia. Dawa yake ni kubadili usomaji. Usiseme "kobalti mbili". Sema "kobalti ya chaji mbili". Kwa hiyo CoCl₂ inasomwa "kloridi ya kobalti ya chaji mbili", na Co₂O₃ ni "oksidi ya kobalti ya chaji tatu", ambayo kweli ina atomi mbili za kobalti, ila hilo linaonekana kwenye fomula na si kwenye jina. Nimeulazimisha usomaji huu darasani hata pale ulipoonekana mrefu, na kosa la Co₂Cl likapungua.

Hatua ya tatu: tafuta namba kutoka kwenye fomula

Ukipewa fomula bila jina, hesabu. Kanuni ni moja: jumla ya namba za oksidisho, yaani chaji tunayoihesabia kila atomi, lazima ilingane na chaji ya kitu kizima. Kloridi ni −1, oksijeni kwa kawaida ni −2, na amonia ni 0 kwa sababu ni molekyuli isiyo na chaji.

CoCl₂ ni rahisi. Kloridi mbili ni −2, kobalti ni +2, hivyo ni kobaltasi.

[Co(NH₃)₆]Cl₃ inatisha kwa mabano yake, lakini amonia sita ni sifuri, kloridi tatu ni −3, kobalti ni +3. Hiyo ni kobaltiki.

Na₃[Co(NO₂)₆]: sodiamu tatu ni +3. Nitriti sita, kila moja −1, ni −6. Kobalti inabaki +3. Kobaltiki tena.

Co₃O₄ ndiyo inayowatoa watu jasho. Oksijeni nne ni −8, kwa hiyo kobalti tatu zinagawana +8, na kila moja inapata nane juu ya tatu. Hakuna atomi yenye chaji ya nane juu ya tatu. Jibu ni kwamba ndani ya oksidi hii nyeusi kuna mchanganyiko: kobalti moja ni ya chaji 2 na mbili ni za chaji 3. Jina la leo ni kobalti(II,III) oksidi. Jina la zamani lilikuwa kobalto-kobaltiki oksidi, na ukishalijua hilo, jina lenyewe linakupa jibu: lina vipande viwili kwa sababu ndani kuna madaraja mawili.

Hatua ya nne: jiulize kama kitu hicho kinaweza kuishi

Hatua hii huachwa na miongozo mingi, nami naiona ndiyo roho ya jambo lote. Kuandika jina sahihi hakuna maana kama hujui kwamba kobaltasi na kobaltiki haziishi maisha ya aina moja.

Kobaltasi ndiyo kobalti ya kila siku. Kloridi, nitrati, salfeti na kaboneti utakazozikuta kwenye chupa za shule ni za chaji 2. Kaboneti haiyeyuki kwenye maji, lakini ukiyeyusha zile tatu nyingine unapata mmumunyo wa waridi, mtulivu kabisa, unaokaa mwezi na zaidi.

Kobaltiki ikiwa peke yake ndani ya maji ni hatari kwa maji yenyewe. Uwezo wake wa kunyang'anya elektroni ni karibu volti 1.8, na maji huanza kupoteza oksijeni yake kwenye takriban volti 1.23. Kwa hiyo Co³⁺ iliyozungukwa na maji matupu huyaoksidisha maji hayo, inatoa oksijeni, na yenyewe inashuka kuwa Co²⁺. Ndiyo sababu usitarajie kukuta chupa ya CoCl₃ kwenye kabati. Ukiona kibandiko kilichoandikwa "kobaltiki kloridi", usikiamini kabla hujaona fomula kamili. Kuna uwezekano mkubwa aliyeandika aliacha amonia nje.

Kwa nini amonia? Fikiria ngalawa. Gogo lile jembamba likitiwa majini peke yake hupinduka. Litie matengo ubavuni na litakubeba mpaka nje ya mwamba. Co³⁺ ndiyo gogo, na molekyuli sita za amonia zinazoishika pande zote ndiyo matengo. Zikishaikamata, ule uwezo wa kunyang'anya unashuka kutoka karibu volti 1.8 hadi takriban volti 0.1, na sasa kobaltiki inaweza kukaa ndani ya maji bila kuyasumbua. Molekyuli au ioni zinazoshika metali namna hii tunaziita ligandi, na kitu kizima ni ioni changamani.

Kampaundi hizi za kobalti na amonia ndizo zilizompa mwanakemia Alfred Werner wa Zurich Tuzo ya Nobel ya mwaka 1913. Kabla yake zilipewa majina kwa rangi: luteo kwa ya manjano, purpureo kwa ya zambarau, praseo kwa ya kijani. Zote zilikuwa na kobalti, klorini na amonia, na hakuna aliyeweza kueleza kwa nini zinatofautiana. Ukidondoshea nitrati ya fedha kwenye mmumunyo wa luteo, kloridi zote tatu hushuka kama mashapo meupe. Kwenye purpureo hushuka mbili tu. Kwenye praseo, moja. Werner akaona kwamba kloridi zisizoshuka zimeshikwa na kobalti yenyewe, kama amonia ilivyoshikwa. Ndipo tukaanza kuandika [Co(NH₃)₆]Cl₃, [Co(NH₃)₅Cl]Cl₂ na [Co(NH₃)₄Cl₂]Cl. Kilicho ndani ya mabano ya mraba kimeshikwa, kilicho nje kiko huru. Na sasa hesabu mwenyewe kwa hatua ya tatu: katika zote tatu kobalti ni ya chaji 3. Rangi tatu, jina moja la kobaltiki. Kwa hiyo kiambishi hakitoshi kukuambia rangi, na rangi haitoshi kukuambia kiambishi.

Hatua ya tano: tumia kobaltasi kupima maji, hapa pwani

Katika sekondari wanafunzi hufundishwa kwamba karatasi ya kobalti(II) kloridi ni ya buluu ikiwa kavu, na hugeuka waridi ikiguswa na maji. Angalia vizuri: chaji haikubadilika. Buluu ni CoCl₂ isiyo na maji, waridi ni CoCl₂·6H₂O. Zote ni kobaltasi. Wengi huandika kwamba kobaltasi imegeuka kobaltiki, na hilo ni kosa la kupoteza alama. Kilichoongezeka ni maji tu, na ukiipasha moto yanaondoka na buluu inarudi.

Tatizo letu ni hewa ya Lamu. Miezi ya mvua, karatasi ya buluu ukiiweka mezani hugeuka waridi kabla hujamaliza kuita majina ya darasa. Niliwahi kuona kikundi kizima kikiandika kwamba mafuta ya nazi yana maji, kwa sababu karatasi yao ilikuwa imeshabadilika kwa unyevu wa hewa kabla haijagusa kitu. Hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Yeyusha gramu 5 za fuwele za waridi katika mililita 100 za maji. Chovya karatasi ya chujio, iache idondoke, kisha ianike mpaka ikauke. Ikate vipande vyembamba. Vipashe taratibu kwenye oveni, au juu ya bati lenye moto mdogo chini yake, mpaka viwe buluu. Viokote kwa koleo, kwa maana kidole kina jasho. Vitie upesi kwenye chupa yenye kizibo kinachobana, pamoja na jeli ya silika iliyokaushwa, zile punje zinazofyonza unyevu. Saa ya jaribio, toa vipande viwili kwa pamoja. Kimoja kiguse unachokipima, cha pili kiache hewani karibu yake. Hicho cha pili kikigeuka kwa kasi ileile, jaribio lako halijathibitisha kitu. Kausha upya uanze tena.

Na jibu likija sahihi, liseme kwa usahihi: "kimiminika hiki kina maji." Karatasi haisemi kwamba ni maji safi. Maji ya kisimani, maji ya bahari na maji ya madafu yote yataigeuza waridi. Usafi unapimwa kwa kiwango cha kuchemka, nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari, na sisi kwa hakika tuko usawa wa bahari.

Unapopima uzito, soma kibandiko hadi mwisho. Moli moja ya CoCl₂ kavu ina gramu 129.8, na moli moja ya CoCl₂·6H₂O ina gramu 237.9, yaani karibu asilimia 45 ya chupa hiyo ni maji. Kutengeneza mililita 250 za mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita unahitaji gramu 5.95 za fuwele za waridi, au gramu 3.25 za unga wa buluu. Jina "kobaltasi kloridi" peke yake halikuambii umeshika ipi.

Kama unataka darasa lisisahau buluu ya kobaltasi, wapeleke makumbusho, au kwenye nyumba yoyote ya kale ya mawe ambako zidaka, vile vishubaka vya ukutani, bado zina sahani zake. Ile buluu juu ya kaure nyeupe ya Kichina ni kobalti. Fundi alichora kwa madini ya kobalti yaliyosagwa, akapaka glasi juu, akachoma kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Hata oksidi nyeusi ya Co₃O₄ ikifikishwa kwenye joto kama hilo hutoa sehemu ya oksijeni yake na kubaki CoO, na hiyo ikiyeyuka ndani ya glasi, kobalti ya chaji 2 hushikwa na oksijeni nne na kutoa buluu isiyofifia. Kwenye magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vigae vya kaure za aina hii vilitoka ardhini buluu yake ikiwa ileile. Kaure ya kijani inayopatikana kwenye magofu yetu si kobalti. Ni chuma cha ferasi, kile kiambishi cha "chini" kikifanya kazi kwenye metali nyingine.

Hatua ya sita: majina yanayofanana na haya lakini si haya

Kobaltiti ni jiwe. Ni madini yenye kobalti, arseniki na salfa, CoAsS, na mwisho wake ni wa majina ya mawe. Usitafute chaji kwenye kiambishi hicho. Arseniki ya aina hiyo ndiyo iliyowadhuru wachimbaji wa Ujerumani, wakalisingizia jiwe kwamba lina shetani, "Kobold", na hapo metali ikapata jina kabla Georg Brandt wa Sweden hajaitambua kuwa elementi miaka ya 1730.

Kobaltinitriti ni ngumu zaidi kwetu. Katika majina ya zamani, kiungo "kobalto-" kilimaanisha chaji 2 na "kobalti-" chaji 3, kama ilivyo fero- na feri-. Kwa Kiswahili "kobalti" ni jina la elementi yenyewe, hivyo msomaji wetu haoni kwamba ile "i" inabeba habari. Sodiamu kobaltinitriti ni ile Na₃[Co(NO₂)₆] tuliyoihesabu juu, na hutumika kupima potasiamu kwa mashapo ya manjano. Leo iandike sodiamu heksanitritokobaltati(III). Ni refu, lakini halina utata.

Mwisho wa "-ati" kwenye kobaltati unakuambia kwamba kobalti iko ndani ya ioni yenye chaji hasi. Betri nyingi za simu zina LiCoO₂, ambayo huitwa pia lithiamu kobaltati. Hesabu: lithiamu +1, oksijeni mbili −4, kobalti +3. Unapochaji simu lithiamu hutoka, na sehemu ya kobalti hupanda kuelekea 4. Hapo viambishi viwili vya zamani vimeishiwa, maana hakuna cha tatu, ilhali namba ya Kirumi inaendelea tu.

Kobalamini ni vitamini B12, iliyomo kwenye samaki tunaokula kila siku. Jina linaonyesha kobalti imo, halionyeshi chaji.

Kabla hujafunga maabara

Kobalti kloridi imeorodheshwa Ulaya kuwa kemikali inayoweza kusababisha saratani vumbi lake likivutwa, na watengenezaji wengi wa jeli ya silika wameiacha. Usisage fuwele kavu mbele ya wanafunzi, usishike kwa mkono mtupu, na jeli ya silika yenye punje za buluu isiachwe mahali watoto wanapofika.

Mmumunyo uliotumika usiumwage kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro ya mji wetu huishia baharini. Ukusanye kwenye ndoo ya plastiki, utie mmumunyo wa sodiamu kaboneti kidogo kidogo mpaka mashapo ya zambarau yasizidi kuongezeka, uyaache yatulie usiku kucha, kisha uchuje. Mashapo yakaushie juu ya karatasi yake ya chujio, yatie kwenye chupa yenye kizibo na uandike kibandiko kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufifia kwa chumvi ya hewa: "Kobalti(II) kaboneti, taka. Jina la zamani: kobaltasi kaboneti." Weka na tarehe.